Tupeane uzoefu: baiskeli ya mlimani na njia za tope msimu huu wa masika

Mteremko_Meru

Wakuu, masika imekolea na safari za Jumamosi hazijasimama. Naomba tukusanye hapa tunachokijua kuhusu kuendesha njia zikiwa mbichi: wakati gani uende, wakati gani ugeuze, penye tope unapitaje, na baiskeli unaifanyaje ukirudi. Za nani aliangukia wapi tuziache. Tuweke vipimo na sababu.

Naanza na udongo. Wengi wetu tunatazama mawingu kabla ya kutoka, na hilo halitoshi, kwa sababu mvua moja ya usiku huacha njia tatu tofauti kabisa asubuhi. Penye kokoto na mchanga wa volkano maji huzama upesi. Baada ya saa chache unapita bila kuacha alama. Udongo mwekundu wa milimani, kama ule wa Usambara, huteleza juu lakini chini yake ni mgumu, na ukipata jua siku nzima unakaa sawa, isipokuwa chini ya miti mikubwa ambako jua halifiki. Udongo mfinyanzi mweusi wa mbuga ni habari nyingine. Ule hunywa maji ukavimba, unashika tairi, unajaa kwenye foki inayoshika gurudumu mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Hapo ubingwa haukusaidii, subiri ukauke.

Kipimo cha haraka: shuka, sukuma baiskeli mita 5, tazama nyuma. Ukiona chapa ya meno ya tairi tu, endelea. Ukiona mfereji wenye kingo, na kina kinazidi sentimita 2, geuza. Kiatu nacho kinasema: kama udongo unaongezeka kwenye soli kila hatua, utaongezeka na kwenye tairi.

Kugeuza si kuogopa kuchafuka. Alama ya tairi kwenye mteremko hugeuka njia ya maji ya mvua inayofuata. Maji yaliyokuwa yakitawanyika kando sasa yanakusanyika mstari mmoja, yanapata kasi na kubeba udongo. Mfinyanzi nao ukikauka na alama hiyo unakuwa mgumu kama tofali, na atakayejikwaa mwezi wa saba ni mama aliyebeba ndoo kichwani.

Kombo_29

La dimbwi: pita katikati. Najua mkono wenyewe unavuta usukani pembeni, lakini kila anayezunguka anakanyaga majani ya ukingo. Majani yakifa ukingo unageuka tope, anayefuata anazunguka mbali zaidi, na njia ya sentimita 50 inaishia kuwa ya mita 3.

Punguza kasi kabla ya kuingia, si ukiwa ndani. Weka gia nyepesi kidogo, sogeza uzito nyuma kidogo, kanyaga mfululizo bila kushtuka, breki ya mbele uisahau. Kama maji ni machafu na hujui kina, shuka utembee, na utembee katikati hapohapo. Kuburuza baiskeli kwenye majani ya pembeni ni kosa lilelile.

Mizizi iliyolowa ipite kwa pembe mraba, breki umeshamaliza nayo kabla. Mzizi unaolala sambamba na njia ndio unaoangusha watu, maana tairi huteleza kuufuata.

Kwenye kushuka, gurudumu lililofungwa na breki halishiki ardhi, linaikwangua tu. Breki zote mbili, kidole kimoja kimoja, unabana kidogo na kuachia. Ukiona huwezi kushuka mahali bila kuburuza gurudumu la nyuma, paache, shuka kwa miguu.

Magamba_Juu

Huku Lushoto hakuna kitu kinaitwa njia ya baiskeli. Njia tunazozifurahia ni njia za watu: za shule, za sokoni, za kuni, za kwenda shambani. Wageni wengi wanaokuja na baiskeli nzuri hilo hawalijui, na masika ndiyo inawaumbua.

Mtembea kwa miguu anapita kwanza, hata kama wewe ndiye unayepanda. Aliyebeba mzigo mwachie upande mkavu, wewe simama kwenye tope. Yeye hawezi kuruka dimbwi na mkungu wa ndizi kichwani. Ukiwa nyuma yake usipige kengele ukiwa mita 2. Salimia kwa sauti ukiwa mita 15 au 20, subiri ageuke na achague pa kusimama. Mkubwa mpe shikamoo yake kwanza, habari ya kupita itafuata. Ukimpita, pita polepole mpaka tope lisimrukie. Kumchafulia mwanafunzi sare saa moja asubuhi ni kumharibia siku nzima, na kijiji kizima kitawakumbuka, nyinyi na kundi litakalokuja wiki ijayo.

Punda wenye mizigo: simama upande wa juu wa mlima, si upande wa bonde, maana gunia linaweza kukusukuma ukaporomoka. Ng'ombe, zima kasi kabisa na umsikilize mchungaji.

Kati ya waendesha baiskeli wenyewe, anayeshuka humpisha anayepanda. Anayepanda kwenye utelezi akisimama, kuondoka tena ni kazi: tairi la nyuma huzunguka pale pale na kuchimba shimo.

Na matuta ya shambani jamani! Njia ikiwa mbaya watu wanakata kupitia kwenye maharage. Lile tuta ndilo linalozuia udongo usishuke bondeni. Tairi likilikata sehemu moja, maji ya usiku mmoja yanalipanua.

Mfongo_wa_Chini

Magamba_Juu umenigusa. Kwa Kilimanjaro, na hata miteremko ya Meru, niweke na suala la mifereji ya asili, mifongo. Ukingo wake ni udongo na majani tu. Ukipita juu yake na baiskeli wakati umelowa, unaacha pengo dogo, maji yanaanza kutokea hapo, na ifikapo usiku ukingo umeshakatika. Maji yale yana zamu, kwa hiyo kuna mtu chini huko ambaye zamu yake imeishia kwenye njia yako. Shuka, nyanyua baiskeli, vuka pale wenyeji walipoweka jiwe au ubao. Hapachukui hata nusu dakika. Na msiogeshee baiskeli humo, kuna nyumba zinachota hayo maji.

Kijana_wa_Njiro

Kwa hiyo wakuu, Machi mpaka Mei baiskeli ikae stoo?

Mteremko_Meru

Hapana mkuu, unabadilisha njia tu. Barabara za changarawe zilizoshindiliwa, zenye mitaro, zinavumilia. Barabara za ndani ya mashamba ya kahawa pia, ukiomba ruhusa. Njia zinazofuata mgongo wa kilima hukauka kabla ya zile za bondeni. Kundi likizidi watu 6 ligawanyeni, kwa sababu tairi la kwanza linaacha chapa na la kumi linaacha mfereji, udongo uleule.

Ila makorongo msiyafanyie mchezo. Mvua ikinyesha juu mlimani korongo linajaa huku chini jua linawaka. Maji yakifika kwenye habu (kitovu) ya gurudumu, yaani kama sentimita 35 kwa baiskeli ya inchi 29, usivuke. Maji yakibadilika rangi ghafla au yakianza kubeba vijiti, ondoka kwenye korongo kwanza, maswali baadaye.

Karura_Asubuhi

Nawaunga mkono kutoka Nairobi. Hell's Gate, hifadhi iliyo karibu na Naivasha, ni mfano mchungu: mbugani baiskeli zinaruhusiwa, lakini ndani ya korongo mafuriko ya ghafla yaliua watu mwaka 2012 na tena 2019. Askari wa wanyamapori akisema leo korongo limefungwa, usimbembeleze.

Msitu wa Karura hapa Nairobi, baiskeli zina njia zake zenye alama. Mvua ikinyesha usiku, njia pana za gari ndani ya msitu zinapitika. Zile nyembamba chini ya miti zipe muda. Shida kubwa ni watu kukimbilia njia za watembeao kwa miguu kwa sababu njia ya baiskeli imejaa tope. Huko kuna watoto na wazee, na kwa utelezi huo breki haitasimama unapotaka.

Fundi_Spoki

Sasa mniachie mimi upande wa chuma, maana mwezi wa nne na wa tano ndio miezi yangu ya kuuza vipuri, na nusu ya vinavyouzwa havikupaswa kufa.

Upepo wa tairi. Mwendeshaji wa kilo 70 hadi 75, tairi la upana wa inchi 2.2 hadi 2.4: bila tyubu weka mbele psi 20 hadi 22, nyuma 23 hadi 25. Ukiwa na tyubu usishuke chini ya 27 nyuma, kwa sababu ukigonga jiwe rimu itabana tyubu na kutoboa matundu mawili sambamba. Mzito zaidi aongeze psi 1 kwa kila kilo 5. Upepo mwingi kwenye utelezi ni kosa: tairi gumu linagusa ardhi mahali padogo. Kwenye tope, meno yaliyo mbalimbali yanajitema tope lenyewe; meno yaliyobanana yanajaa, na yakishajaa unaendesha tairi kipara.

Gurudumu likijaa udongo, acha kukanyaga. Narudia, acha. Ukilazimisha, tope linavuta mnyororo, mnyororo unavuta direla (kile kifaa cha nyuma kinachohamisha mnyororo kwenye gia) kuelekea kwenye spoki, na kinachokatika ni kile kisikio cha alumini kinachoishikilia kwenye fremu. Kisikio kiliwekwa kikatike kabla ya fremu, lakini kila fremu ina chake, na cha baiskeli ya mtumba unaweza kukitafuta mwezi mzima. Nunua cha akiba mapema. Njiani beba kijiti kigumu au kipande cha plastiki cha sentimita 15, kwangua kwenye foki na nyuma ya kranki (mkono wa pedeli), kisha beba baiskeli begani. Kuisukuma kwenye mfinyanzi kunaijaza upya.

Kuosha. Osha tope likiwa bado bichi. Likikauka na ukalisugua, linakwaruza rangi na nguzo za foki. Ndoo 2 za maji zinatosha, moja ya sabuni ya vyombo, moja ya kusuuzia. Anza juu: usukani, fremu, foki, magurudumu, mwisho mnyororo na gia, kwa brashi yake peke yake. Mashine ya presha ya kuoshea magari ndiyo inayonitajirisha. Presha ile inapenyeza maji na mchanga kwenye beringi za habu, za kranki na za shingo ya usukani, na inafukuza grisi. Nje baiskeli inang'aa, ndani inasaga. Kama huna jinsi, simama mita 2 na usielekeze mpira kwenye ekseli.

Mnyororo: brashi na mafuta ya taa kidogo, futa, subiri ukauke kabisa, kisha oili tone moja kwa kila pingili upande wa ndani. Zungusha pedeli dakika moja, halafu futa yote ya nje kwa kitambaa. Oili inayoonekana nje ni gundi ya mchanga. Oili chafu ya injini msitie, ina vumbi la chuma na masizi. Ya cherehani ni nyepesi, inafaa kiangazi. Kwenye mvua inaondoka kabla hujafika kilomita 20.

Kupima uchakavu: vuta mnyororo ukaze, pima kwa tepu mapingili 12 kamili (la nje na la ndani ukihesabu moja), pini hadi pini. Mpya ni milimita 304.8. Ukifika 306.3 na una gia 11 au 12 nyuma, badilisha. Gia 8 hadi 10 unaweza kuvumilia mpaka 307. Ukipita hapo unakula na meno ya nyuma, na hayo bei yake inauma.

Kombo_29

Fundi, umesahau madigadi. Kile kipande cha plastiki kinachofungwa chini ya foki kinalinda macho kuliko miwani.

Shamba_Safi

Mimi ni wa kilimo, nina moja tu. Gugu karoti limeenea Arusha na mbegu zake ni ndogo sana, zinasafiri ndani ya tope la matairi na soli. Mmea mmoja hutoa maelfu ya mbegu. Ukitoka kuendesha palipo na gugu hilo na kesho unakwenda msituni au kijiji kingine, osha tairi na viatu kwanza, palepale ulipotokea, kwenye ardhi iliyo mbali na mto. Usiling'oe kwa mikono mitupu, linawasha ngozi vibaya.

Kijana_wa_Njiro

Shukrani wakuu. Fundi, breki zangu za diski zinapiga kelele zikilowa na mteremko mmoja tu wa tope umekula pedi nusu. Nimepigwa bei ya pedi za chuma, nichukue?

Fundi_Spoki

Chukua za chuma kwa masika, mdogo wangu, lakini tazama diski kwanza: nyingine zimeandikwa kabisa kwamba ni za pedi laini (zisizo za chuma) pekee, hizo usizitilie chuma, zitaliwa. Pedi laini zinashika vizuri na zina utulivu, ila mchanga uliolowa unazimaliza haraka. Za chuma zinadumu, hata zikipata moto, ila zikiwa baridi hazishiki sana na kelele ziko palepale. Kabla ya mteremko bana breki kidogo mara 2 au 3 ukiwa bado tambarare, zifute maji. Wenye breki za raba kwenye rimu wafanye hivyo mapema zaidi, rimu iliyolowa inachelewa sana kushika.

Pedi ikibaki chini ya milimita 1, ukiacha bati la nyuma, toa. Diski ifute kwa spiriti ya hospitali na kitambaa kipya, wala usipulize dawa ya kutu karibu nayo. Pedi ikinywa mafuta huwezi kuisafisha, ni ya kutupa. Ukifunga mpya, tafuta barabara tambarare, kimbia kiasi kisha bana polepole bila kusimama kabisa, mara 15 hadi 20. Ukiruka hatua hiyo utarudi hapa kulalamika kelele.