Makaburi ya Makaburu kwenye shamba la babu, nianzie wapi?

Mkulima_Sergoit
Wadau salama? Shamba letu liko upande wa Sergoit, karibu na Eldoret, babu alinunua kwa Kaburu mmoja wakati wa uhuru. Kule chini penye misaiprasi kuna makaburi kama sita hivi, ua ulishaoza kitambo, ng'ombe wanajikuna kwenye mawe na moja limeshalala kabisa. Sasa kuna mama wa Afrika Kusini ameniandikia, bibi yake alizaliwa huku, anatafuta kaburi la dada mdogo wa huyo bibi. Nimepangusa jiwe moja nikaona "gebore" na "oorlede", jina limeliwa na ukungu. Ni lugha gani hiyo?

Mwalimu Mstaafu
Kiafrikana hicho kijana wangu. Gebore ni kuzaliwa, oorlede ni kufariki. Wengi wa hao Makaburu walitoka Afrika Kusini 1908 na msafara wa kiongozi wao Van Rensburg, meli mpaka Mombasa, treni mpaka Nakuru, halafu magari ya kukokotwa na ng'ombe kwenye matope hadi hapo Sergoit kwenu. Eldoret yenyewe ilikuwa shamba nambari 64, ndio maana wazee bado wanaiita Sisibo, yaani "sixty-four" kwa matamshi yao. Hilo jiwe usilisugue na brashi ya waya wala kumwagia jiki, utalimaliza. Ngoja usiku, mulika tochi kutoka ubavuni, herufi zitatoa kivuli.

Tinderet_damu
Sawa, na sisi je? Koitalel, kiongozi wa Wanandi, alipigwa risasi na Waingereza 1905, watu wake wakasukumwa rizavu, miaka mitatu tu hao wanakuja kugawiwa mashamba. Makaburi ya babu zetu nani ameandika akiyauliza? Mimi ningepanda mahindi hapo.

Mama Kaptagat
Uchungu wako naujua Tinderet, lakini mahindi juu ya mtoto wa mtu hapana. Mkulima weka seng'enge kwanza, ng'ombe watoke, hizo historia mtaongea baadaye.

Mkulima_Sergoit
@Tinderet mahindi yamefika mpaka miguuni pao, ni babu tu alikuwa hataki trekta ipite hapo, na yeye ndiye aliyewahi kufanya kazi kwa huyo Kaburu, kiboko alikijua vizuri, sijui kwa nini alikataa na hakuwahi kusema.
Mwalimu tochi imefanya kazi aisee!! Johanna, jina la pili limevunjika, chini yake "7 maande". Ni miaka saba?

Mwalimu Mstaafu
Miezi.