Solo linazama bendi ikikolea

Solo wa Temeke: Wakuu, napiga gitaa la solo bendi ya dansi. Nyumbani riva (efekti ya mwangwi) inanipa raha, ila ukumbini tumba zikiingia tu, sauti inayeyuka. Shida nini?

Fundi Amplifaya: Punguza riva, mdogo wangu. Ukumbi wenyewe una mwangwi wa kutosha. Utamu wa dansi uko kwenye efekti ya korasi: inanakili sauti, inaichelewesha kama milisekunde 20 hivi huku ikiiyumbisha kidogo, unasikia magitaa mawili. Usiizidishe, utasikika umelewa.

Dada Besi: Na distosheni (efekti ya kukwaruza sauti) itangulie dilei (ile ya kurudiarudia sauti). Ukigeuza, inakwaruza hadi miitikio ya dilei, noti hazitambuliki. Halafu ongeza midi (sauti za kati) kwenye amplifaya, besi niachie mimi 😂

Solo wa Temeke: Shukrani wakuu. Jana riva nimeizima kabisa, korasi kidogo. Sasa mpiga ridhimu analalamika namfunika.