Beringi mpya zimegongwa nyundo mbele ya macho yangu, na fundi hataki kuwajibika

Assalaam aleikum ndugu zangu. Nina karakana hapa Wete, ninakereza miguu ya samadari na nguzo za ngazi, na mashine yangu ilipoanza kunguruma nilimwita fundi mwenye sifa ya mitambo aje anibadilishie beringi mbili za shafti kuu. Beringi nilizinunua mwenyewe Unguja, namba 6205 zisizo na vifuniko, na nilizizungusha kwa kidole mbele yake zikaenda kimya kabisa.

Alichokifanya kimeniumiza mno. Aliiweka beringi kwenye shafti, akashika nyundo na patasi butu, akaanza kugonga pete ya nje; beringi ni pete mbili, moja ndani ya nyingine, na gololi za chuma katikati yake. Nilimwambia pale pale kwamba beringi inayobana kwenye shafti husukumwa kwa pete ya ndani, kwa kipande cha bomba kinachoikalia pete hiyo peke yake, au hupashwa moto ndani ya mafuta hadi nyuzi 80 au 100 hivi ili itanuke na kuingia bila kupigwa. Akanijibu kuwa kazi hii ameanza mimi ningali skuli. Pigo la pete ya nje hupita kwenye gololi kabla ya kufika ndani, na gololi huacha vishimo katika njia zake ambavyo jicho halivioni lakini sikio huvisikia.

Kisha ikaja grisi. Nyumba ya beringi, yaani tundu inamokaa, hakuisafisha, vumbi la mfenesi na grisi kongwe viliachwa humo humo, na juu yake akashindilia grisi mpya mpaka ikafurika, ilhali theluthi moja ya nafasi ingetosha. Grisi ikizidi hukorogwa na gololi bila kuwa na pa kukimbilia, na beringi huchemka. Leo mashine ikienda nusu saa, kichwa chake, pale zilipo beringi hizo, hakishikiki kwa mkono kwa joto, mngurumo umerudi mkubwa kuliko wa mwanzo, na nguzo za mtiki zinatoka na mawimbi ambayo msasa hauyamalizi.

Nimempigia simu mara nne. Anadai beringi zilikuwa bandia, hali aliziona zikizunguka kimya kabla hajazigusa. Nimemlipa shilingi 60,000 taslimu. Ninadai anirudishie fedha hizo pamoja na bei ya beringi mbili; kuzifunga nitazifunga mwenyewe.