Mrejesho: Nyumba ya Isamilo tumeinunua

Wakuu, habari zenu. Niliwauliza kuhusu nyumba karibu na mjini Mwanza: nichukue ile ya bondeni Mabatini au ya mlimani Isamilo? Tumenunua Isamilo na tumeshahamia.

Ya Mabatini bei ilivutia, ila Mto Mirongo ukifurika maji yanaingia hadi ndani. Majirani walinionyesha alama ukutani. Mlionishauri niende kipindi cha mvua, Mungu awabariki.

Kazi ilikuwa kwenye karatasi. Muuzaji alikuja na hati mkononi, dalali anahimiza tulipe. Tukafanya kwanza upekuzi ofisi ya ardhi, yaani kuhakiki kwenye kumbukumbu zao mmiliki ni nani, kisha tukataka ridhaa ya mkewe kwa maandishi, maana Sheria ya Ardhi ya 1999 inailinda nyumba ya wanandoa. Kumbe mama wa watu hakuwa ameambiwa kwamba nyumba inauzwa! Iliniuma sana. Wakakaa kikao cha familia, akaridhia, ndipo tukalipa kupitia benki.

Huku juu maji hupanda kwa shida, tenki ni lazima, na kuchimba shimo la choo kwenye mawe haya ni gharama kubwa. Ila mke wangu anashuka kwa miguu mpaka dukani kwake Makoroboi, mjini. Uhamisho wa hati bado tunaufuatilia.