Nyuki wapweke na dawa za wadudu

Ndugu wa Bukavu, nimetundika matete kando ya shamba langu la maharage, na nyuki wapweke, wasioishi kwa kundi mzingani, wamezalia humo. Jirani hupuliza dawa asubuhi. Je, wanadhurika kama nyuki wa mzinga?

Jibu: Pengine zaidi, mama. Jike hujenga peke yake, hivyo akifa uzazi wake umekoma. Wale nyuki wapweke waitwao wakata-majani hukata hata jani lililopuliziwa, wakalitandika kuzunguka chavua atakayokula kiluwiluwi. Nchini Sweden, utafiti uliochapishwa 2015 ulikuta nyuki wapweke hawakujenga viota kando ya mashamba ya mbegu zilizopakwa klothianidini, dawa ya kuua wadudu, ilhali mizinga haikuonyesha tofauti kubwa.

Jibu: Mwombe jirani asipulize maharage yakiwa na maua. Jioni ni afadhali, ingawa sumu inayodumu kwenye jani haijali saa.