Nauza nyumba Sinza: dalali wa asilimia 10, kampuni ya asilimia 5, au wa "cha juu"?

MwanaSinza (mleta mada), Jumanne 3:12 asubuhi

Wakubwa shikamooni, wengine habari za asubuhi. Nyumba ya Sinza inauzwa, tunategemea milioni 280, nami nimekwama kwenye suala la dalali. Wamekuja watatu.

Wa kwanza ni wa hapa hapa mtaani, anashinda kijiweni pale kona. Anataka asilimia 10 na anasema wateja anao tayari. Wa pili ni kampuni yenye ofisi, wao asilimia 5 na VAT juu yake, lakini wanataka tusaini kwamba kwa miezi sita hakuna mwingine atakayeigusa. Wa tatu hataki asilimia kabisa. Anasema, "Niambie unataka shilingi ngapi mkononi, kitakachozidi changu." Huyo ndiye amependwa na wengi nyumbani, maana inaonekana kama hatumlipi kitu.

Aliyewahi kuuza kwa njia mojawapo anisaidie. Kuna mteja anakuja kuona Jumamosi.

Kobe Mtulivu

Mkuu, umeficha mambo ya msingi. Hati ipo? Ina jina la nani? Na hao "wengi nyumbani" ni akina nani? Huwezi kushauriwa asilimia kabla hatujajua kama nyumba yenyewe inauzika.

Bi Mkubwa wa Kijitonyama

Mwanangu, huyo mteja wa Jumamosi kaletwa na nani kati ya hao watatu? Anza na hilo. Dalali akishaleta mtu, mtu akaingia ndani, akaona vyumba na choo, basi hata ukija kusaini na kampuni, yule wa kijiweni atakusubiri mlangoni siku ya malipo. Nimeyaona kwa jirani yangu, alidaiwa na wawili kwa mnunuzi mmoja. Kila dalali anayekanyaga hapo mwandikishe: tarehe, jina la mteja wake, namba ya simu. Daftari la shule linatosha.

Mchambua Hesabu

Tuweke namba mezani. Asilimia 10 ya milioni 280 ni milioni 28. Kampuni: asilimia 5 ni milioni 14, VAT ya asilimia 18 ni milioni 2.52, jumla milioni 16.52. Wa cha juu hana hesabu, ndiyo maana anapendeza.

Lipo jambo watu hulisahau. Kodi ya ongezeko la mtaji inayolipwa TRA (Mamlaka ya Mapato), kwa mkazi, ni asilimia 10 ya faida, na malipo ya dalali ni gharama halali ya kutoa kwenye faida hiyo ukiwa na ushahidi. Kampuni itakupa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Wa kijiweni atakupa mkono. Usiangalie tu nani anatoza kidogo, angalia nani anakupa karatasi.

Dalali Mkweli

Naomba niseme kwa niaba ya sisi wa kijiweni, maana tunasemwa kama wezi. Niko kwenye kazi hii miaka 14. Hakuna sheria inayopanga asilimia ya dalali Tanzania, ni maelewano. Kumi ni bei ya kufungulia mdomo. Nyumba ya milioni 280 mimi mwenyewe namaliza kwa tano, nimewahi kumaliza hata kwa tatu.

Na hiyo hela haiingii mfuko mmoja. Yupo aliyeshika nyumba, yupo aliyemshika mteja, mara nyingine kati yao wapo wawili waliopeana namba tu. Nimeshapeleka watu kumi na tisa kuona nyumba moja Mwenge, bodaboda kwa hela yangu, na mwenye nyumba akaja kuiuza kwa shemeji yake. Sikupata hata ya soda. Anayesema tunakula bure aje azunguke na mimi wiki moja juani.

MamaWawili Tegeta

Kaka MwanaSinza, usiende kwa wa cha juu. Nakuomba. Nitaeleza kwa urefu unielewe.

Mwaka jana tuliuza nyumba yetu Segerea, mimi na mume wangu. Tulitaka milioni 85. Akaja dalali mpole sana, ananiita mama, akasema nyinyi mtapata 85 yenu kamili, mimi nitajitafutia cha kwangu juu. Sharti lake lilikuwa moja tu: mteja akituuliza bei, tuseme tumemwachia dalali. Pale pale ningeshtuka. Sikushtuka.

Mteja akapatikana, mwalimu na mkewe, watu wa heshima. Tulipofika kwa wakili ndipo nikaiona kwenye mkataba: milioni 110. Dalali akaniminya mkono chini ya meza. Mume wangu akaona tukianza kubishana pale mauzo yatavunjika, na tulikuwa na ada za watoto. Tukasaini.

Malipo yalikuwa kwa awamu. Awamu ya kwanza ikaingia 90 kwenye akaunti yetu, na siku hiyo hiyo dalali akataka 25 yake yote taslimu. Sio sehemu, yote. Tukabaki na 65, tukisubiri 20 iliyobaki.

Ikaja kodi. Ile nyumba tuliijenga kidogo kidogo miaka tisa, simenti leo, bati mwakani, risiti hatuna. Asiye na nyaraka za gharama anakadiriwa asilimia 3 ya bei ya mauzo au ya thamani iliyoidhinishwa, inayochukuliwa ni ile kubwa. Asilimia 3 ya 110 ni milioni 3.3. Ya 85 yetu ingekuwa 2.55. Yaani nimelipa kodi ya fedha aliyokula mtu mwingine! Nilimpigia achangie, akanijibu mkataba hauna jina lake.

Lakini hilo si lililoniumiza. Yule mwalimu akaja kuambiwa na jirani kwamba sisi tulikuwa tunauza 85. Alikuja nyumbani saa mbili usiku na mkewe. Hakufoka. Alikaa akasema, "Mama, ile nyongeza niliikopa SACCOS." Mume wangu alishindwa kuinua uso. Ile 20 iliyobaki alitulipa kwa miezi mitano, tena kwa vipande, na sikuwa na mdomo wa kumdai. Mpaka leo nikikutana naye njiani najificha, na mimi sijamwibia.

Dalali Mkweli

Pole dada. Huyo hakukutendea haki, hapo sina utetezi. Ila cha juu chenyewe si dhambi kama kila mtu anajua. Wapo wenye nyumba ndio wanaotulazimisha, hawataki kusikia neno asilimia, wanasema "mimi nipe changu". Ukiwaambia bei ya kweli ya soko na asilimia tano, wanakufukuza.

Karani Mstaafu

Ndugu Dalali, tatizo liko kwenye siri. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ina sehemu nzima ya uwakala. Wakala akijipatia faida kwa siri katika kazi uliyomtuma, una haki ya kuidai faida hiyo. Dada yetu alikuwa na hoja ya kusimama nayo, kasoro yake ni kwamba alikubali tangu mwanzo kwamba kinachozidi si chake.

MwanaSinza, yeyote utakayemchagua, andikeni karatasi moja kabla ya Jumamosi. Asilimia ngapi, na ya bei ipi: uliyotangaza au iliyolipwa? Analipwa lini? Mimi ningeandika alipwe kwa kadiri fedha zinavyoingia, ikiingia nusu naye apate nusu. Na kama mnunuzi akighairi, je? Kwa kampuni, soma kipengele cha miezi sita kwa makini. Mara nyingi kinasema hata ukijiuzia kwa binamu yako, wanalipwa. Omba mitatu, na omba majina ya watu utakaowauzia mwenyewe yaorodheshwe pembeni.

Tai wa Mbagala

Mbona hamjataja asilimia 10 ya serikali ya mtaa? Hiyo ndiyo inayoua kuliko dalali. Niliuza kiwanja 2018, mtaa mmoja huku kwetu, nikaambiwa bila asilimia 10 muhuri haugongwi.

Karani Mstaafu

Hiyo si ada ya kisheria, ni mazoea. Na nyumba yenye hati haihamishwi kwa muhuri wa mtaa. Inakwenda Ofisi ya Ardhi na fomu namba 29, 30 na 35, ripoti ya mthamini, na uthibitisho wa kodi.

Tai wa Mbagala

Mkuu, unazungumzia Sinza iliyopimwa tangu miaka ya 1970. Huku kwetu hakuna hati, shahidi wako ni mwenyekiti na mjumbe. Ukimkatalia mwenyekiti, mnunuzi anaogopa anaondoka. Sheria yako itanisaidia nini saa hiyo?

Karani Mstaafu

Ungeomba risiti ya serikali kwa hicho anachokuchaji. Angeshindwa kuiandika.

Tai wa Mbagala

Niliomba. Akaniambia nirudi Jumatatu. Nilirudi Jumatatu tatu.

Bi Mkubwa wa Kijitonyama

Jamani tumwachie kijana mada yake. MwanaSinza uko wapi? Umeulizwa hati tangu asubuhi.

MwanaSinza, Jumanne 1:40 usiku

Samahanini, nilikuwa kazini. Hati ipo, ya miaka 99, ila ina jina la Mzee. Alifariki 2021. Tuko sita, kaka mkubwa ndiye msimamizi wa mirathi, Mahakama ya Mwanzo ilimteua. Watano tumekubali kuuza, dada yetu wa Mwanza bado anasitasita. Mbele kuna fremu mbili zina wapangaji. Mama ndiye anakaa ndani, sasa hivi yuko Tanga kwa mdogo wake.

Kobe Mtulivu

Sasa ndiyo umesema. Mama yuko hai, anaishi humo, na hii umeiandika mwishoni kabisa! Mama anasemaje?

Karani Mstaafu

Ndugu yangu, hapo sahau dalali kwanza. Msimamizi lazima aandikishwe kwenye hati Ofisi ya Ardhi badala ya marehemu, ndipo apate nguvu ya kuhamisha kwa mnunuzi. Na Mama ni mjane wa marehemu, ana haki yake mwenyewe humo, si mgeni wa watoto. Pata maandishi ya warithi wote, dada wa Mwanza akiwemo. Mnunuzi mwenye wakili mzuri atayaomba siku ya kwanza.

Dalali Mkweli

Naunga mkono, na mimi ni dalali. Nyumba ya mirathi yenye mmoja anayesitasita sipeleki mteja hata nikiahidiwa asilimia 20. Huyo wa kijiweni ama hajaambiwa, ama anajua na anataka hela ya kuonyesha tu. Ulizia kama mteja wa Jumamosi ameshatozwa kitu.

MamaWawili Tegeta

Na wa cha juu ndio anawapenda watu kama nyinyi. Ndugu sita, kila mmoja anasubiri mgawo wake, hakuna atakayeuliza mnunuzi kalipa ngapi.

Nahodha Kigamboni

Kwa nini mnauza Sinza lakini? Nyumba ya mbele ina fremu, mtaa unakua. Pangisheni chumba kwa chumba, Mama apate matunzo. Baba yangu aliuza Kariakoo akanunua shamba Chanika, leo kila tukipita Mtaa wa Congo anageuza shingo.

Mchambua Hesabu

Si kila mtu ana nguvu ya kusimamia wapangaji, mkuu. Milioni 280 ukigawa kwa sita na Mama, kila mmoja anaanzisha kitu.

Nahodha Kigamboni

Toa dalali, toa kodi, toa wakili, toa madeni ya kila mmoja. Halafu Mama anakaa wapi? Kwa zamu?

Bi Mkubwa wa Kijitonyama

Kule kwetu baada ya jirani kufa walikuja matapeli wawili wanapeleka watu kuona nyumba mjane akiwa hospitali. Wanawe wakaandika ukutani kwa rangi nyekundu, NYUMBA HII HAIUZWI. Na nyinyi Mama akiwa Tanga, mnapeleka mtu ndani ya chumba chake Jumamosi? Mwanangu, hilo halikukaa vizuri. Mpigie simu usiku huu.

Kobe Mtulivu

Kodi ya pango la ardhi je? Imelipwa mpaka mwaka gani? Ardhi hawagusi faili lenye deni.

MwanaSinza, Jumatano 2:05 asubuhi

Nimeongea na Mama. Amenyamaza kidogo, kisha ameniuliza mbona hakuulizwa yeye kwanza. Anarudi Alhamisi ijayo. Nimemwambia wa kijiweni aahirishe ujio wa mteja wake, na ni kweli, alishamtoza elfu thelathini ya kuonyesha. Kampuni wamekubali miezi mitatu badala ya sita, tutaona. Risiti za pango la ardhi alikuwa akizitunza Mzee kwenye kabati lake, ufunguo anao Mama.

Cherehani

Samahani kuingilia. Hizo fremu mbili za mbele zinapangishwa shilingi ngapi kwa mwezi? Natafuta ya kushonea maeneo hayo hayo, kama kuna mpangaji anayetoka naomba nijulishwe mapema.