Mjadala: Je, umri pekee unatosha kuzistaafisha helikopta za viongozi?

Ndugu zangu, tangu Aprili 2024, helikopta ya aina ya Huey ilipoanguka Elgeyo Marakwet na kumuua Mkuu wa Majeshi ya Kenya, Jenerali Francis Ogolla, pamoja na wanajeshi wengine tisa, na mwezi mmoja baadaye Bell 212 ikaanguka na Rais Ebrahim Raisi wa Iran, nimesikia hapa Mwanza hoja ileile ikirudiwa: helikopta kuukuu za viongozi ziondolewe zote, zinunuliwe mpya. Kubadilisha naafiki. Nisichokiafiki ni kipimo cha umri, na kinachonitia hofu zaidi ni namna ya kununua.

Mafundi wa mitumbwi pale Mwaloni Kirumba hawaishii kuuliza chombo kina miaka mingapi. Huuliza ni mbao zipi zimebadilishwa na kimekalafatiwa lini. Helikopta nayo ni hivyo, kwa kuwa vipuri vyake vikuu, yakiwemo mapanga na giaboksi, vina kikomo cha saa za kuruka, na saa zikitimia hutolewa hata kama kwa macho havina kasoro. Ndiyo maana VH-3D za Marekani, zilizoanza kazi miaka ya 1970, zimeendelea kubeba marais kwa miongo kadhaa. Kwa upande mwingine, Mi-172 ya rais wa Uganda ilipoanguka na John Garang, Makamu wa Rais wa Sudan, usiku wa Julai 30, 2005, wachunguzi walitaja kosa la rubani, wala hawakutaja uchakavu.

Tuje kwenye ununuzi, ambako fundisho ni chungu. Mwaka 2005 Marekani iliagiza VH-71, helikopta 28, kwa takriban dola bilioni 6.1, kila ofisi ikaongeza matakwa yake, gharama ikapita bilioni 11, na mwaka 2009 mradi ukafutwa kabla chombo hata kimoja hakijambeba rais. Mkataba wa VH-92A, helikopta iliyochukua nafasi ya mradi huo, ulisainiwa 2014, lakini rais alipanda kwa mara ya kwanza Agosti 2024, baada ya miaka ya kuhangaika na joto la injini lililounguza nyasi za Ikulu yao. (Sisi tulikuwa na waziri wa fedha anayekumbukwa kwa kauli kwamba ndege ya rais ingenunuliwa hata ikibidi tule nyasi, wenzetu zao ziliungua.)

Wapo wanaosema viongozi wapande vivuko kama sisi. Kwa Sengerema sibishi, maana tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi lipo na gari linatosha. Visiwani, na kwenye uokoaji ziwani, ni jambo jingine. Novemba 6, 2022, ndege ya abiria ilipotumbukia ziwani karibu na uwanja wa Bukoba na watu 19 wakafa, waliotangulia kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Helikopta ya kawaida, yenye winchi ya kuinulia watu na viti vinavyong'oleka, inaweza kumpeleka kiongozi Ukerewe asubuhi na jioni ikamtoa mgonjwa Ukara. Iliyojazwa sofa za ngozi haiwezi. Kwa hiyo nawauliza wanaotaka mpya: mko tayari iwe hiyo ya kawaida, na daftari lake la matengenezo likaguliwe na Bunge kila mwaka?